Babu ameanza kubeti? Angalieni dawa zake

Mzee aliyezoea kuhesabu kila shilingi, ghafla anabeti kila siku au anamaliza pensheni kwa manunuzi asiyoyahitaji. Kabla ya kumlaumu, ulizeni anatumia dawa gani.

Ugonjwa wa Parkinson, unaoleta kutetemeka na kukakamaa kwa viungo, hutokea seli za ubongo zinazotengeneza dopamini zinapokufa. Dopamini husaidia mwili kujongea, lakini pia huuambia ubongo ni raha ipi inafaa kukimbiliwa. Dawa kama pramipexole na ropinirole huiga kazi yake. Mgonjwa hutembea vizuri zaidi, ila kwa baadhi yao raha ya leo huwa na nguvu kuliko faida ya kesho. Wengine hula kupita kiasi, au hamu ya tendo la ndoa huzidi, na wengi huficha kwa aibu.

Msimwachishe dawa ghafla, ni hatari. Mwelezeni daktari mapema. Mara nyingi akipunguza dozi au kubadilisha dawa, tamaa hiyo hupungua. Kwa sasa, mwombeni akubali ndugu anayemwamini amtunzie fedha.