Mafunzo ya Maafa Hayatazamwi, Hutendwa

Mwaka 2009 kituo kimoja cha televisheni cha Marekani kilionyesha kipindi kiitwacho Surviving Disaster. Cade Courtley, aliyekuwa komando wa jeshi la majini, aliwaongoza washiriki katika maafa ya kuigiza, kama vile ghorofa linaloungua na tetemeko la ardhi, akieleza namna ya kuokoka. Wako wanachuo wanaodhani kwamba kipindi cha namna hiyo, kikionyeshwa darasani, chatosha kuwa somo. Wengine husema kwamba maafa ya mjini hayamhusu mtoto wa Nanganga. Sikubaliani na hoja zote mbili.

Tuanze na hii ya pili. Tangu zamani vijana wetu wa Kusini huenda Dar es Salaam kuchuuza. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, likaua watu zaidi ya 20. Aliyenaswa chini ya kifusi hana budi kujua mambo machache: kuziba pua na mdomo kwa kitambaa, kutomaliza pumzi kwa kupiga kelele ovyo, na kugonga bomba au ukuta ili waokoaji wasikie. Hayo yaweza kufundishwa hata chini ya mkorosho.

Ama hoja ya kwanza, mtazamaji hukumbuka kishindo akasahau hatua. Mtu aliyeshikwa na hofu hutenda lile ambalo mwili wake umelizoea. Kwa hiyo andalio la somo liwe na vitendo. Kwa idhini ya mwalimu mkuu, pigeni filimbi bila kutangaza siku. Wanafunzi watoke bila kusukumana, kisha majina yaitwe uwanjani. Siku nyingine wafumbe macho na kutambaa hadi mlangoni, wakielezwa kwamba moshi hupanda na hewa safi hubaki karibu na sakafu. Waijue kwa moyo namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Baada ya kila zoezi waulizwe walikosea wapi, na zoezi lirudiwe kila muhula.

Ndugu wanachuo, mwendapo kwenye mazoezi ya kufundisha mtakabidhiwa madarasa yenye watoto wengi na mlango mmoja. Mwalimu ambaye hajawahi kuwatoa watoto wake kwa haraka hajui ni yupi atakayekanyagwa mlangoni. Afadhali alijue jambo hilo siku ya zoezi.