Outlook ikigoma, usifomati!

Wadau, maofisini kuna ugonjwa: Outlook ikiganda, fundi anatamka moja tu, "Virusi hivyo, tufomati!" Jamani! Mara nyingi kilichoharibika ni faili la barua, lile la .pst. Hadi toleo la 2002, likifika GB 2 tu lilikuwa linagoma. Kwanza linakili kwenye flashi. Kisha endesha outlook.exe /safe, ikifunguka, zima programu za nyongeza moja moja. Ikikataa, tumia SCANPST kukarabati faili.

Chukulia ofisi ya kata kama Ngorongo, Rufiji. Kama orodha ya mashamba yaliyozama kwenye mafuriko ya Aprili 2024 ilikuwa humo, ukifomati mkulima atadai kwa ushahidi gani? Kompyuta inanunulika, barua hazinunuliki.