Mzinga hadi Mwanza: Saa za angani si safari yote

KWA ndege, Dar es Salaam hadi Mwanza ni takriban kilomita 850, mwendo wa saa moja na nusu hivi. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini kwa mkazi wa Mzinga, Morogoro, ni sehemu ndogo tu ya ukweli.

Mkazi huyo hulazimika kwanza kusafiri karibu kilomita 190 kwa barabara hadi Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere. Kwa basi, saa nne huweza kuisha njiani, hasa foleni inapokaza kuanzia Kibaha. Asiyeiamini barabara hulala Dar es Salaam, na gharama ya chumba huongezeka juu ya nauli.

Treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, imepunguza adha hiyo. Safari huchukua takriban saa mbili. Hata hivyo, stesheni kuu ya Dar es Salaam iko katikati ya jiji, si uwanjani. Foleni ya Barabara ya Nyerere bado inamsubiri abiria.

Hapo ndipo penye kiini cha suala. Taifa limenunua ndege, limejenga reli, na mwaka 2019 lilifungua Jengo la Tatu la abiria uwanjani hapo. Ratiba za treni na ndege zisipooanishwa, mwananchi wa mikoani ataendelea kulipia kasi asiyoifaidi.