Kadi Moja, Wageni Wengi

Ndugu zetu wa jeshi na polisi, katika chumba kimoja cha mafunzo tulipata kumwona kuruta akikemewa kwa uzito wa mkono. Alikuwa akilenga shabaha iliyoonyeshwa na kompyuta, na kila alipofyatua, picha ilichelewa. Alama zake zikawa mbaya, nasi sote tukamwona mzembe. Baadaye fundi alibaini kwamba aliyechelewa si kuruta, bali ni mashine.

Chumba kile kilikuwa na kompyuta moja kubwa iliyobeba kompyuta pepe kadhaa, yaani programu zinazofanya kazi kama kompyuta kamili ndani ya ile moja. Ile kubwa ni mwenyeji, na hizi nyingine ni wageni. Mwenyeji aliwagawia kumbukumbu na muda wa prosesa, lakini kadi ya michoro, ambayo kazi yake hasa ni kuchora picha, aliishika mwenyewe. Wageni walipewa kadi ya bandia, na prosesa ikalazimika kuchora, kazi isiyoiweza upesi. Barua huandikika hivyo bila taabu. Uwanja wa shabaha hauchoreki.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kumkabidhi mgeni mmoja kadi nzima. Mwenyeji huiachilia, mgeni huiendesha kama yake, na kasi hukaribia ile ya kompyuta ya kawaida. Linux imekuwa na njia ya VFIO kwa kazi hiyo tangu mwaka 2012, na mwaka 2021 kampuni ya NVIDIA iliacha kuzizuia kadi zake za GeForce zisitumiwe na wageni wa Windows. Ya pili ni kuigawa kadi, ingawa si kila kadi inakubali kugawiwa. Yenye gigabaiti 16 za kumbukumbu yaweza kuwapa wageni wanne gigabaiti 4 kila mmoja. Lakini nguvu ya kuchora ni ile ile moja. Wote wakiwa na kazi nzito kwa wakati mmoja, kila mmoja hupungukiwa.

Wako wenzetu wasemao kwamba kugawa ndiko haki. Kwa makarani tunakubali. Kwa mafunzo ya shabaha hatukubali hata kidogo, kwani hakuna bohari itoayo bunduki moja kwa askari wanne kisha ikapima shabaha zao.

Ulinzi nao usisahauliwe. Kadi huweza kusoma na kuandika kumbukumbu bila kupitia prosesa. Kwa hiyo hapana budi IOMMU iwashwe, iwe mlinzi wa lango, ili kadi ya mgeni isiguse kumbukumbu ya mwenyeji wala ya jirani.

Basi makamanda, kabla ya kuomba fedha za umma kwa mashine mpya, muulizeni fundi kadi iko mikononi mwa nani. Na kabla ya kuandika alama za kuruta, ipimeni kwanza mashine. Yule wetu alipimwa upya na alama za awali zikafutwa, lakini alikuwa amekwisha kukemewa mbele ya wenzake.