Kilema cha almasi na akili ya mutoto

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama na watoto munaowangojea nyumbani Beni na Butembo: kwenye shimo, jiwe lenye kilema linadharauliwa. Négociant analipindua mukononi, anaguna, bei inashuka. Lakini wasomi wa fizikia njo kilema wanatafuta.

Almasi ni karboni. Mara moja moja atomu ya azoti inakamata nafasi ya karboni, na pembeni yake nafasi ingine inabaki wazi. Ukimulika hapo na mwangaza wa kijani, kilema kinarudisha mwangaza mwekundu. Ongeza mawimbi mafupi, karibu na yale ya simu: yakifika kipimo fulani, ule mwekundu unafifia. Sumaku ikikaribia, kipimo kinahama. Basi, kwa kuangalia mwangaza tu, mutu anachora ramani ya sumaku ya kitu kidogo sana.

Mwaka 2008 watafiti wa Marekani na Ujerumani walionyesha kwamba inawezekana. Mwaka 2019, kule New Mexico, wengine walipima hivyo vijiwe vidogo vyenye chuma ambavyo mududu wa malaria anaacha kiisha kula damu. Malaria, ile inayotuzikisha watoto! Bado si kipimo cha hospitali, lakini njia imefunguka.

Sasa musidanganywe. Almasi za kazi hiyo, nyingi zinatengenezwa katika labo, juu wanataka azoti kwa kiasi wanachochagua wao. Akija mutu kukuuzia jiwe la doa eti labo ya Ulaya italinunua kwa bei ya juu, funga mufuko wako.

Kasai inatoa almasi tangu zaidi ya miaka 100. Siye tunauza karati. Wengine wanauza ujuzi. Na ujuzi hauchimbwe na beleshi.

Mutaniambia: mutoto akishuka shimoni, leo tutakula. Ni kweli, na vita imetuharibia mengi. Lakini shimo linaisha, na mutoto asiyesoma anabaki na mikono mitupu. Tangu 2019 serikali ilitangaza shule ya musingi ya bure, tumubakishe humo. Na kila kooperative itenge kidogo, mwezi kwa mwezi, kwa labo ya shule ya sekondari ya karibu: taa, sumaku, nyaya, lenzi. Hivyo ndivyo fizikia inavyoanza. Kwa nini mutu wa kusoma damu yetu ya malaria asitoke Butembo?