Si Ununue Mpya?

Swali hilo niliulizwa mara nne Jumamosi moja, nikiwa barazani na beseni la maji ya vuguvugu yenye sabuni, na ndani yake vitufe 101 vya kibodi ya IBM Model M. Mpya Kariakoo haifiki elfu ishirini. Msomi mzima anasugua plastiki iliyomzidi umri, ya nini?

Nianze na herufi A. Mwezi uliotangulia A ya kompyuta mpakato yangu iligoma. Jaribu kuandika tasnifu ya Kiswahili bila A. Fundi aliifungua, akaguna, akanionyesha: ugonjwa uko chini ya kitufe, na kibodi yote imeshikizwa kwenye bamba la juu kwa vichwa vya plastiki vilivyoyeyushwa. Dawa ni kubadili bamba zima. Bei aliyonitajia ilikuwa kodi ya chumba changu ya miezi miwili. Kwa A moja.

Kweli, kibodi ya elfu kumi na tano ingenitosha. Nilikuwa nayo. Ilikufa kabla ya muhula kwisha, na haikuwa na la kufanyiwa ila kutupwa.

Model M ilianza kutengenezwa mwaka 1985. Hii yangu, iliyookolewa kwenye rundo la vifaa chakavu vya ofisi, ina lebo ya 1989 na uzito unaopita kilo mbili. Inafunguka kwa skrubu nne. Vitufe vinang'oka kwa mkono. Chini ya kila kimoja kuna springi: ukibonyeza, inapinda ghafla na kusukuma kinyundo kidogo kwenye utando wa umeme, nao mlio unakujulisha kuwa herufi imeingia. Herufi hazikubandikwa juu, rangi yake imezama ndani ya plastiki, kwa hiyo sabuni iliondoa uchafu tu. Humo nilikuta makombo, pini za stepla, na nywele za watu nisiowajua.

Sisemi ya kale ni dhahabu. IBM walikosea kosa lile lile: bamba la chuma la ndani walilishikiza kwa vichwa vya plastiki vilivyoyeyushwa, na plastiki ikizeeka vichwa vinakatika. Nilipoifungua, kadhaa vilimwagika kama punje za mtama. Lakini humu mna nafasi ya mkono wa mtu. Fundi redio wa mtaani kwetu, ambaye hakuwahi kuiona kibodi ya namna hii, alikata vichwa vilivyobaki, akatoboa, akafunga bolti na nati ndogo. Kosa la kiwandani likasahihishwa chini ya mwembe. Kwenye mpakato wangu kosa hilohilo ni hukumu.

Ndiyo maana “si ununue mpya” inaniudhi. Inageuza kila ubovu kuwa manunuzi, na kila fundi kuwa mchuuzi. Halafu sisi hao hao, tukikaa vijiweni, tunawalaumu mafundi wa siku hizi kwamba wanajua kubadili tu, hawajui kutengeneza. Wajifunzie wapi, ikiwa kila tunachowapelekea kimezibwa tangu kiwandani, na sisi tulikilipia tukisifu wembamba wake?

Nakiri kwamba adapta ya kuiunganisha kibodi hii na mpakato ilinigharimu kuliko kibodi mpya. Nakiri pia kwamba si kila mtu ana Jumamosi ya kupoteza. Sikuombi usugue vitufe. Naomba swali moja tu, utakapokuwa dukani na fedha bado ziko mfukoni: kitufe kimoja kikifa, kinabadilishwaje? Muuzaji akicheka, umeshajibiwa.

Mwenzangu wa chumba analalamika kelele. Ana haki. Sura ya tatu inaingia usiku, tak tak tak, na A zote zipo.