Spika Njema Hujulikana kwa Mnong'ono

Miongoni mwa vitu vinavyonunuliwa kwa fedha nyingi na fikira chache, spika za nyumbani zimo. Askari hurudi kutoka kazi ya mbali na akiba yake, huingia dukani, huonyeshwa sanduku jeusi lenye taa za rangi na kibandiko kisemacho wati 3000. Muuzaji hulifungulia mpaka vioo vya madirisha vitetemeke, na biashara imekwisha. Baada ya miezi michache sanduku lakoroma, na fedha ambayo ingelipa karo ya watoto imekwenda. Juma hili tuzungumze namna ya kuchagua.

Kwanza, tujue spika ni kitu gani. Mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa kampuni ya General Electric ya Marekani, walieleza aina ambayo ndiyo asili ya spika nyingi za leo. Koili ya waya hukaa ndani ya sumaku. Umeme ukipita, koili hucheza na kuisukuma koni, nayo koni huisukuma hewa. Basi sauti njema hutokana na sumaku yenye nguvu, koni iliyoshikwa barabara na sanduku lisilotetemeka. Taa za rangi haziongezi kitu.

Pili, msidanganywe na wati. Tarakimu kubwa ya mbele mara nyingi hutaja nguvu ya kufumba na kufumbua. Tafuteni nyuma ya sanduku, au katika kijitabu chake, herufi RMS: hiyo ndiyo nguvu ambayo chombo huistahimili mfululizo. Tazameni pia desibeli zinazotolewa kwa wati moja, mtu akiwa umbali wa mita moja. Spika ya desibeli 90 huhitaji nusu tu ya nguvu inayohitajiwa na ile ya desibeli 87 ili zitoe sauti sawa. Mazungumzo ya kawaida ni kiasi cha desibeli 60. Kwa hiyo katika sebule ya mita nne kwa nne, wati chache za kweli zatosha. Tena, ikiwa mashine yenu ya kukuza sauti imeandikwa kwamba haikubali chini ya omu 8, msiifungie spika ya omu 4, kwani itapata moto na kuharibika.

Tatu, jaribuni kabla ya kulipa. Nchini kwetu tuna vipimo viwili vilivyo bora kuliko kibandiko chochote. Cha kwanza ni inanga ya kunong'ona. Mwimbaji hupiga nyuzi, ambazo mara nyingi ni nane, huku akinong'ona maneno, na mnong'ono huo huungana na sauti nene ya nyuzi. Mwombeni muuzaji apunguze sauti kabisa, kisha sikilizeni. Ikiwa kila neno lasikika, na nyuzi hazimezi maneno, spika hiyo ni ya kweli. Ikiwa maneno yapotea mpaka sauti iongezwe, iacheni.

Kipimo cha pili ni ngoma zetu, ambazo mchezo wake uliandikwa na UNESCO mwaka 2014 katika urithi wa utamaduni wa wanadamu. Ngoma hizo huchongwa katika mti uitwao umuvugangoma. Katika spika njema pigo husikika, kisha hunyamaza, na fimbo ikigonga ubavu wa mti hutofautiana na fimbo ikigonga ngozi. Katika spika mbovu vyote huwa mngurumo mmoja. Nendeni na kanda, sahani au simu yenye muziki mnaoujua, wala msikubali kusikilizishwa wimbo wa muuzaji peke yake.

Nne, kagueni kwa mkono na macho. Gongeni sanduku kwa kidole: mbao nzito hujibu kwa sauti fupi, plastiki nyembamba hulia kama debe. Kwa spika zilizokwisha kutumika, tazameni ukingo wa koni. Ukingo wa sponji huoza kwa joto na unyevu, navyo havikosekani hapa kando ya ziwa Tanganyika; ukingo wa mpira hudumu zaidi. Kisha gusisheni betri ya tochi ya volti 1.5 kwenye nyaya kwa nukta moja tu. Koni yapasa kusogea bila kukwaruza. Waya chanya ukiguswa na upande chanya wa betri, koni zote mbili zitoke nje pamoja. Moja ikiingia ndani, nyaya zake zimegeuzwa.

Tano, mkifika nyumbani msizitupe pembeni. Spika iliyobanwa katika kona huvimbisha sauti nene na kufunika maneno. Ziwekeni mbali kidogo na ukuta, usawa wa masikio ya aliyeketi, umbali baina yao ukaribiane na umbali wenu kutoka kwazo. Sakafu ya saruji na bati tupu hurudisha mwangwi; mkeka na mapazia mazito hupunguza kasoro hiyo kwa gharama ndogo.

Mwisho ni afya. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 katika juma. Masikio ya askari yamekwisha kubeba mzigo wake katika uwanja wa shabaha, na chembe za kusikia zilizokufa ndani ya sikio hazioti tena. Tena katika nyumba za kambi ukuta ni mmoja: upande wa pili huenda amelala polisi aliyelinda mji usiku kucha, au mama mwenye mtoto mchanga.

Kwa hiyo, baba na mama, nendeni dukani pamoja, na kabla ya kuhesabu franka zenu mwambieni muuzaji apunguze sauti. Spika isemayo vizuri kwa sauti ya chini itawatumikia miaka mingi, wala jirani hatakuja kugonga mlango.